Anza na kikombe cha bwana

Ndani ya kabati letu kuna fardi ya plastiki yenye karatasi za miaka minne ya kutafuta mtoto. Ukizipanga kwa tarehe, kosa letu linajionyesha lenyewe: ekografia (picha za ultrasound) saba za bibi, vipimo vya damu vya bibi, ordonansi za tembe za bibi, halafu, katikati ya mwaka wa tatu, karatasi ya kwanza yenye jina la bwana. Ilikuwa ya bei ndogo kuliko nyingi zilizoitangulia, na yote yaliyokuja baada yake yalitoka humo.

Mengine ya nyumbani nayaacha. Kila nyumba inayongoja mtoto ina ya kwake, na ina mashangazi zake. Naandika njia yenyewe, kwa mpangilio ambao tungeufuata kama tungeanza leo hapa Lubumbashi, na mahali pesa inapomwagika.

Kwanza kalenda. Daktari huanza kusema kuna shida pale watu wanapolala pamoja mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba haiingii. Bibi akiwa amepita miaka 35, miezi 6. Lakini tazama maisha ya huku kwetu. Bwana anafanya kazi migodini, Fungurume au Kolwezi, anarudi nyumbani siku chache kwa mwezi. Yai la mwanamke likishatoka huishi saa 12 hadi 24. Mbegu za mwanaume zinaweza kulingoja ndani hadi siku 5. Basi mwezi mzima una siku 6 hivi zenye nafasi, na bwana akifika kila mara siku hizo zikiwa zimepita, ndoa inatimiza miaka miwili bila kujaribu hata mara moja. Famili inaanza kusema "mgumba", kumbe mwenye kosa ni ratiba ya kazi.

Hesabu ni hii: siku ya kwanza ni ile damu ya mwezi inapoanza kutoka vizuri, na yai hutoka takriban siku 14 kabla ya damu inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28, ni karibu na siku ya 14. Mwenye siku 35, ni karibu na ya 21, si ya 14 kama wanavyoandika kwenye vikaratasi. Dalili ya bure ni ute wa ukeni kuwa mwepesi na kuvutika katikati ya vidole kama ute wa yai bichi. Siku hizo, kukutana kila siku ya pili kunatosha. Kama kuna likizo ya kuomba kazini, iombwe kwa tarehe hizo.

Wapo wasiopaswa kungoja mwaka: mwanamke ambaye damu haimjii au inakuja kila baada ya miezi miwili, aliyewahi kuwa na mimba nje ya kizazi, aliyeugua sana baada ya kujifungua au baada ya mimba kutoka, mwanaume ambaye korodani haikushuka utotoni, au zilivimba alipougua matubwitubwi akiwa mkubwa.

Sasa kikombe. Karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, upande wa mwanaume umo, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Jibu tunalolisikia siku zote ni: "Mimi nilizalisha kabla ya kuoa." Mtoto wa zamani si cheti cha leo. Spermogramu, yaani kipimo cha mbegu za mwanaume, haichomi sindano, haihitaji mashine kubwa, na ikifanywa mapema inaliepusha tumbo la bibi na dawa zisizo na kazi. Inachohitaji ni kufanywa sawasawa, na hapo ndipo labo nyingi na mabwana wengi huharibu.

Mwanaume ajizuie siku 2 hadi 7, pamoja na kujichezea. Chini ya hapo mbegu huwa chache, zaidi ya hapo nyingi huwa zimezeeka. Akojoe, anawe mikono na uume kwa sabuni, akaushe. Kikombe kiwe cha labo, chenye mdomo mpana. Kondomu ya kawaida haifai kukusanyia, kwa sababu mafuta yake yanaua mbegu. Mate na vaseline vilevile. Na yote iingie ndani, hasa tone za kwanza, maana ndizo zenye mbegu nyingi kuliko zinazofuata. Zikimwagika, sema.

Pazuri kuliko pote ni chumba cha labo yenyewe. Asiyeweza, akusanyie nyumbani na kufika ndani ya saa moja, kikombe kikiwa kimesimama wima ndani ya mfuko wa shati, karibu na ngozi. Mwezi wa sita asubuhi, Lubumbashi ina baridi. Kikombe kilichoninginia kwenye sachi nyuma ya taksi-moto kinafika mbegu zimeshapoa na kulegea, na karatasi inaandika "haziogelei".

Fundi wa labo anayejua kazi utamtambua kwa maswali yake. Yule wa mwisho tuliyempata alishika kikombe, akatazama saa ya ukutani, akaandika, ndipo akainua macho:

"Papa, umejizuia siku ngapi?"

"Tatu."

"Yote imeingia humu?"

"Kidogo ilianguka. Ya mwanzo."

Akaweka kalamu chini. "Basi rudi Ijumaa, papa. Hii nikiipima nitakuandikia uongo."

Labo mbili tulizopitia kabla yake hazikuuliza lolote.

Karatasi ikitoka, tafuteni namba wenyewe. Kipimo cha chini cha Shirika la Afya Duniani, katika toleo la mwaka 2021, ni mililita 1.4 za majimaji, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, milioni 39 kwa jumla, asilimia 42 zinazotikisika, asilimia 30 zinazokwenda mbele, na asilimia 4 zenye umbo zuri. Ndiyo, 4. Mwanaume akisoma "asilimia 94 zina umbo baya" anadhani amekwisha, kumbe yuko sawa. Na kuwa chini ya namba hizi hakumaanishi hawezi kuzalisha. Kunamaanisha huenda itachelewa, na kwamba kipimo kirudiwe.

Kirudiwe lini? Mbegu moja inachukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa. Malaria yenye homa kali ya mwezi uliopita inaonekana kwenye kikombe cha leo. Kwa hiyo ngojeni miezi mitatu, na katika hiyo miezi ondoeni kinachochoma: sigara, pombe ya kila siku, kompyuta juu ya mapaja. Wanaokaa mbele ya tanuru za kuyeyushia shaba na wasoda wa kuunga vyuma wanaoinama juu ya moto siku nzima wamwambie daktari kazi yao, kwa sababu korodani zinataka ubaridi kuliko mwili. Halafu kuna sindano na vidonge vya testosteroni vinavyouzwa kwa jina la "nguvu" kwenye ukumbi wa mazoezi. Hizo huambia ubongo kwamba homoni imetosha, ubongo unaacha kuamuru korodani, na mbegu zinashuka hadi sifuri. Kifua kinapanuka, kikombe kinabaki kitupu. Ukiziacha, kwa wengi mbegu hurudi, lakini baada ya miezi, na wengine hata mwaka.

Ikiandikwa sifuri, ulizeni kama walizungusha majimaji kwenye sentrifuji na kutazama kile kilichobaki chini. Bila hiyo, sifuri haijathibitishwa. Ikithibitishwa mara mbili, daktari apime ukubwa wa korodani kwa mkono na FSH (homoni ambayo ubongo huamuru nayo korodani na ovari) kwa damu. FSH ya kawaida na korodani za ukubwa mzuri huashiria njia imeziba, kiwanda kinafanya kazi. FSH iliyo juu sana na korodani ndogo huashiria kiwanda chenyewe kimedhoofika. Ni matatizo mawili tofauti, na antibiotiki haitibu hata moja.

Nimetaja antibiotiki kwa makusudi. Mchezo wa huku ni "papa, una vijidudu kwenye mbegu." Mikono haikunawiwa, kijidudu cha ngozi kikaingia kikombeni, labo ikakiotesha, na mwanaume akachomwa sindano siku kumi, kisha tena, kisha tena. Kama hakuna maumivu, hakuna usaha, na seli nyeupe hazifiki milioni 1 kwa mililita, omba maelezo kabla ya kununua.

Kikombe kikisha kueleweka, ndipo mirija ya uzazi ya bibi. Katika Afrika yetu, mirija iliyoziba ni sababu kubwa kabisa upande wa wanawake, na mara nyingi imezibwa na klamidia au kisonono kilichopita kimyakimya, au na maambukizo ya baada ya kuzaa na ya mimba iliyotolewa vibaya. Ekografia ya kawaida haionyeshi kama mrija uko wazi. Zile saba zetu zote ziliandika "kizazi kizuri", na ni kweli kilikuwa kizuri. Hakuna aliyetazama mirija.

Kipimo chake ni istero, ile radio (eksirei) ya mirija. Inafanywa kati ya siku ya 6 na ya 11, damu ikishakauka na yai halijatoka, na tangu damu ianze msikutane, ili dawa ya picha isisukumwe juu ya mimba changa. Mwenye historia ya maambukizo hupewa antibiotiki ya doxycycline. Anayedhurika na iodini aseme mapema. Ibuprofeni ya miligramu 400, kwa asiyekatazwa dawa hiyo kwa ajili ya vidonda vya tumbo, inywewe saa moja kabla. Unalala kama wa kujifungua, wanaingiza kimpira kidogo kwenye mlango wa kizazi, wanasukuma dawa polepole huku wanapiga picha. Maumivu ni ya siku mbaya ya mwezi, dakika chache. Anayesukuma kwa haraka huleta maumivu makali, na zaidi ya hapo huleta uongo: mrija unakaza kwa mshtuko na picha inaonyesha umeziba pale unapoanzia kwenye kizazi. Kuziba kwa mwanzoni kwa namna hiyo, tena pande zote mbili, kunafaa kuthibitishwa kabla ya kukubaliwa.

Ombeni filamu zenyewe, msikubali karatasi tu. Ziinueni mbele ya dirisha. Kizazi ni pembetatu nyeupe, mirija ni nyuzi mbili nyembamba, na mwishoni, kama iko wazi, dawa inamwagika na kutawanyika kama moshi. Kama mwishoni kuna kifuko kilichovimba kama soseji na hakuna moshi, ni mrija uliojaa maji. Kumbukeni hilo, nitalirudia kwenye IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili, ndani ya labo.

Kidonge cha jioni hakifungui mrija. Mvuke wa majani hauufungui. "Kupuliza mirija" mara tano kwa wiki tano hakuufungui, na kila kuingiza chombo kunaweza kupeleka vijidudu vipya juu. Kukwangua kizazi "ili kisafishwe" ni kibaya zaidi: kuta za ndani zikichubuka sana hugandana, damu ya mwezi inapungua au inakauka, na sasa una ugonjwa ambao hukuja nao. Mahali fulani mjini tuliuziwa kuosha kizazi kwa bei iliyozidi istero na spermogramu zikijumlishwa. Risiti ipo ndani ya fardi. Kuhusu maombi, hakuna mchungaji mwema aliyepungukiwa kitu kwa sababu muumini wake alikwenda radio. Anayekuambia uache dawa ili imani ionekane, huyo mkimbieni.

Homoni nitazipitia haraka. FSH ipimwe siku ya 2 hadi ya 4. Projesteroni, inayosema kama yai lilitoka, ipimwe siku 7 kabla ya damu inayotarajiwa: siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa 28 peke yake. Prolaktini, homoni ya maziwa, hupandishwa na hofu, na baadhi ya dawa za tumbo na za akili. Ikiwa juu kidogo tu, rudieni asubuhi, mmetulia. AMH inasema akiba ya mayai iliyobaki. Haisemi kama utapata mimba mwezi huu.

Tembe za kutoa yai zinafaa kwa mwanamke ambaye yai halitoki. Zinafaa mirija ikiwa wazi na kikombe kikiwa na mbegu, na hapo ndipo mpangilio unapolipa. Klomifeni huanza na miligramu 50 kwa siku 5, ikianzwa siku yoyote kati ya ya 2 na ya 5, na haiendi zaidi ya mizunguko 6. Kwa wenye ovari zenye vifuko vingi, letrozoli ya miligramu 2.5 hadi 7.5 kwa siku 5 ndiyo inayotangulizwa siku hizi. Karatasi iliyomo kwenye boksi lake inasema ni dawa ya saratani ya matiti. Ni kweli ndiko ilikotoka, na wanawake wengi huitupa kwa woga usiku uleule. Ulizeni daktari kwanza. Jambo la kusisitiza: angalau mzunguko wa kwanza ufuatwe na ekografia karibu na siku ya 12. Yakionekana mayai matatu au zaidi yanakomaa, mwezi huo mjizuie, maana mapacha watatu katika hospitali isiyo na vifaa vya watoto njiti si baraka ya kuomba. Kuona vimulimuli machoni ukiwa kwenye klomifeni, acha na urudi kwa daktari. Farmasi huuza tembe hizi bila ordonansi. Tulizinunua hivyo miezi tisa, kikombe kikiwa hakijapimwa.

Kuna pia kuweka mbegu zilizooshwa ndani ya kizazi kwa mrija mdogo. Ni rahisi kuliko IVF, inahitaji angalau mrija mmoja ulio wazi na mbegu si chache mno, na hata ikienda vizuri nafasi kwa mzunguko ni kama 1 kati ya 10. Mkiambiwa 1 kati ya 2, ondokeni.

IVF. Watu wa hapa huenda Kinshasa, Lusaka, Johannesburg, wengine hadi India. Mbegu zikiwa chache sana hutumiwa ICSI, ambapo mbegu moja huchomwa ndani ya yai moja kwa sindano nyembamba; njia hii ilitoka Brussels, na mimba zake za kwanza zilitangazwa mwaka 1992. Kwa nchi jirani, tegemeeni kuanzia dola 3,000 hivi hadi kupita 6,000 kwa mzunguko mmoja, na bei ya kwanza mtakayotajiwa kwa simu si ya mwisho. Ulizeni kwa maandishi: dawa za sindano zimo? Usingizi umo? ICSI? Kugandisha viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa), na kodi yao ya mwaka? Kuviyeyusha na kuvipandikiza baadaye? Mzunguko ukisimamishwa katikati, kinarudishwa nini? Ongezeni wiki mbili au tatu za chumba na chakula. Sisi tulipigia hesabu kliniki, tukasahau kwamba mtu hula kila siku.

Kabla ya kulipa hata dola moja: ule mrija uliojaa maji. Majimaji yake hurudi kizazini na kuosha kiinitete, na nafasi hushuka karibu nusu. Mrija huo hukatwa au hufungwa kwanza. Kliniki inayoona soseji kwenye filamu na kuendelea tu, inawauzia tiketi ya nusu nauli kwa bei kamili.

Barabara ya Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, mnaijua. Bebeni kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na fardi iliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Daktari wa Lusaka asiyesoma Kifaransa ataagiza vipimo vyote upya, kwa pesa yenu. Sindano nyingi hutaka nyuzi 2 hadi 8 na hazipaswi kuganda: kisanduku cha barafu, kitambaa katikati ya barafu na dawa, na barua ya daktari kwa ajili ya forodha. Mkifika, msiamini friji ya nyumba ya wageni. Umeme hukatika na huko.

Sindano za tumboni huchomwa kila siku, siku 8 hadi 12, na ekografia kila siku mbili au tatu. Vifuko vya mayai vikifika milimita 17 au 18 huja sindano ya mwisho, na hii ina saa yake kamili, mara nyingi usiku. Mayai hutolewa saa 34 hadi 36 baadaye. Ukichelewa au ukichanganya vibaya unga na maji, daktari anakuta vifuko vitupu. Mmoja achanganye, mwingine asome maandishi kwa sauti.

Jiandaeni kwa kupungua. Mayai 10 yanaweza kuwa na 8 yaliyokomaa, 5 au 6 yakarutubishwa, 2 au 3 yakafika siku ya tano. Tumbo likivimba haraka, uzito ukipanda kilo kwa siku, mkojo ukipungua, pumzi ikikata, piga simu kliniki usiku huohuo. Ovari zimechochewa kupita kiasi, na hilo huua. Umri unaamua mengi: Uingereza, chini ya miaka 35, kama theluthi ya viinitete vinavyopandikizwa huleta mtoto, kuanzia 43 kwa mayai ya mwenyewe, hata 1 kati ya 10 haifiki. Mkiombwa kupandikiza vitatu "kwa uhakika", kataeni.

Kisha kungoja. Kipimo ni cha damu, siku 14 hivi baada ya mayai kutolewa. Kile cha mkojo cha farmasi kiacheni, kwa sababu sindano ya mwisho yenyewe ni homoni ya mimba, na hukaa mwilini siku 10 hadi 14. Siku ya tatu tulipima kwa siri, mistari ikatokea miwili, tukapiga simu Lubumbashi kwa mama mkwe, akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Ilikuwa ile sindano. Karatasi ya damu ilikuja Jumatatu: chini ya 5, yaani hakuna.

Ni karatasi ya mwisho ndani ya fardi, kasoro risiti moja. Viinitete viwili vimebaki Lusaka kwenye nitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, na kodi yao inalipwa kila mwaka, mwezi wa tatu.